Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vyama vya madaktari wa tiba ya mionzi, kwa wewe unayeanza

Haya maswali nayapata kila mwaka residenti wapya (madaktari wanaosomea ubingwa) wakiingia, wengine wananiuliza kwenye korido, wengine inbox saa tano usiku, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja nikaona niyaweke yote sehemu moja. Mimi ni daktari wa kansa wa kawaida tu hapa Dar, sio kiongozi wa chama chochote na hakuna anayenilipa niwasifie, kwahiyo penye sifa nitasema na penye longolongo nitasema pia.

Hivi vyama vyenyewe ni nini? Ni kama chama cha wafanyakazi?

Hapana. Chama cha wafanyakazi kinakupigania mshahara, hivi vinashughulika na fani yenyewe, yaani vinaandaa kozi, mikutano, miongozo ya tiba, majarida, na vinakutanisha watu. Wazungu wana viwili vikubwa ambavyo utavisikia kila kona: ESTRO ya Ulaya, iliyoanza 1980, ofisi zao ziko Brussels, na ASTRO ya Marekani ambayo mizizi yake ni ya 1958. Afrika tuna AORTIC, hii ni ya kansa kwa ujumla sio mionzi peke yake, makao yake Cape Town. Halafu kuna vya nyumbani, Tanzania ni TOS na Kenya ni KESHO, humo mko na wale wa dawa za kansa, wapasuaji, wapatholojia, wote. Afrika Kusini wana SASCRO na Nigeria wana ARCON.

Mimi ndio naanza mwaka wa kwanza, nijiunge na kipi?

Cha nyumbani kwanza. Najua hili jibu halifurahishi, kila mtu anataka jina la ESTRO kwenye CV, lakini sikiliza. Mgonjwa wako akipata shida kesho asubuhi mtu utakayempigia simu ni yule uliyekaa naye meza moja kwenye mkutano wa TOS pale, sio profesa wa Leuven, Ubelgiji. Na sisi huku tuko wachache sana, ukihudhuria mikutano miwili mitatu utakua unawajua karibu wote, jambo ambalo mwenzako wa Marekani hawezi kulipata hata akihudhuria miaka kumi.

Baada ya hapo chagua kimoja tu cha nje. Kimoja. Nimeona watu wanalipia vitatu halafu hawafungui hata barua pepe zao.

Ada ni shingapi?

Inabadilika kila mwaka kwahiyo sitaandika namba hapa ije kukudanganya. Cha kujua ni kwamba vingi vina ada ya chini kwa aliye masomoni na vingine vina ada ya chini tena kwa nchi zenye uchumi kama wetu, na hizo bei mara nyingi hazijawekwa mbele, inabidi uingie ndani kabisa kwenye fomu uzitafute. Usilipe ile bei ya kwanza unayoiona. Ukiwa na mashaka waandikie sekretarieti, wanajibu, tena wanajibu vizuri kuliko baadhi ya ofisi zetu.

Kwanini kila mtu anasema kozi ya kuchora kontua (mipaka ya uvimbe na viungo kwenye picha) ndio ya kwanza kuchukua?

Hapa nikae kidogo maana ndio moyo wa jambo lote.

Enzi za mashine za kobalti ulikua unaweka fildi (eneo la kupigwa mionzi) kwa kufuata mifupa. Shingo ya kizazi unapiga picha, unaona nyonga, unajua mpaka wa juu uko uti wa mgongo wapi, wa chini wapi, unaziba kona, basi, mgonjwa anaanza. Mwalimu wako alifundishwa hivyo na alitibu maelfu ya watu hivyo na wengi walipona, tusimdharau. Sasa zilivyokuja linaki, zile mashine mpya za mionzi (hapa hospitali ya kansa ya Ocean Road zilianza kazi 2018), mambo yakageuka, unapewa picha za CT za mgonjwa, slaisi (vipande) moja moja, unaambiwa chora mwenyewe uvimbe uko wapi, nodi (tezi za limfu) ziko wapi, kibofu, njia ya haja kubwa, matumbo. Mashine inafuata ulichochora. Haijui anatomia, inakujua wewe.

Ukikosea kuchora, lile kosa halitokei siku moja likaisha. Linajirudia fraksheni zote 25, yaani kila mara mgonjwa anapopigwa mionzi. Na fizisisti (mtaalamu wa fizikia anayepanga dozi) hawezi kukuokoa kwasababu plani yake itakua nzuri tu, dozi imefunika target (eneo ulilolenga) vizuri kabisa, ila target ndio iko sehemu isiyo sahihi. Kosa la mashine kuna vipimo vya kila asubuhi vya kulikamata, kosa la kontua linakamatwa na jicho la daktari mwingine tu. Sasa kama kituoni mko wawili na mwenzio yuko likizo?

Ndio maana vyama vimewekeza sana hapo. ESTRO wana warsha zao za FALCON ambazo nyingine ni za mtandaoni kabisa, unapewa kesi unachora mwenyewe kabla ya kufundishwa chochote, halafu mnakutana na mwalimu anaweka michoro yenu wote juu ya picha moja mnaona nani kaenda wapi, anaelekeza, halafu unarudia kuchora ileile kesi. Mara ya kwanza nilivyoona mchoro wangu pembeni ya wa wenzangu niliona aibu sana, nodi za kando ya mfupa wa sakramu nilikua nazirukia kama hazipo. Tangu siku hiyo sijawahi kuzisahau.

Kozi hizo ni hela, hakuna za bure?

Zipo. Tovuti ya eContour ni ya bure, unajisajili tu, unachagua aina ya kansa unaona kesi halisi imechorwa slaisi kwa slaisi na dozi zake. Mimi naiweka wazi pembeni hata leo. Halafu ARRO, hawa ni maresidenti wa Marekani walio chini ya mwavuli wa ASTRO, wanaendesha mambo yao wenyewe, wana slaidi za kesi wanaziita ARROcase, na ARROContour za kuchora, nyingi ziko wazi kwa yeyote. Zimeandikwa na maresidenti kwa maresidenti kwahiyo haziruki hatua. IAEA (nitawaeleza hapo chini) nao wana tovuti ya Human Health Campus, ina mihadhara mingi, muonekano wake wa kizamani kidogo ila mali ni mali.

Majarida ya kulipia, kama lile la kijani la ESTRO au jekundu la ASTRO, kabla hujalipa nenda kwa mkutubi wa chuo muulize kuhusu Hinari, ule mpango wa WHO wa tangu 2002 wa kusoma majarida bure au kwa bei nafuu. Inasajiliwa taasisi sio mtu mmoja mmoja. Vyuo vingi vina nywila na residenti hawajui, wanaombana pdf kwenye grupu usiku kucha.

IAEA ni chama pia?

Sio chama, ni shirika la umoja wa mataifa la nguvu za atomu, makao Vienna, kwahiyo huwezi kujiunga. Lakini kwa upande wa mafunzo wametusaidia huku labda kuliko chama chochote. Feloshipu zao zinapitia serikali, yaani wewe huombi kama mtu binafsi ukapewa, lazima nchi iwe na mradi, hospitali yako iwe ndani ya huo mradi, halafu jina lako lipelekwe na ofisi ya kitaifa inayowasiliana nao, kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu. Watu wengi wanajaza fomu wanakaa miezi wanasubiri, kumbe hospitali yao haimo kwenye mradi wowote. Muulize mkuu wa idara kabla hujajaza chochote. Tangu wazindue Rays of Hope, mpango wao wa kupanua tiba ya kansa, Februari 2022 umakini kwa Afrika umeongezeka, kwahiyo ulizeni.

Niko kituo cha mkoani peke yangu, kesi ngumu namuuliza nani?

Swali zuri na ndio sababu hasa ya kuwa na chama, mengine yote ni mapambo. Mwenzako wa London kila wiki kontua zake zinapitiwa na wenzake mezani kabla mgonjwa hajaanza. Wewe huna hiyo meza. Inabidi uitengeneze.

Kuna AFRONET, mtandao uliowezeshwa na IAEA, vituo vya Afrika vinakutana mtandaoni kujadili kesi. Kituo ndio kinashiriki kwahiyo ulizia kama chenu kimo. Kuna Rayos Contra Cancer, hawa wanaendesha mafunzo ya mtandaoni kwa vituo vya nchi kama zetu, wiki kadhaa mfululizo timu nzima inasoma pamoja. Na kuna njia ya mtaani ambayo kiukweli ndio inafanya kazi kila siku: watu watano sita mliokutana kozini mnafungua grupu la WhatsApp, mnakubaliana Alhamisi saa moja jioni kila mtu alete kesi moja.

Ila wadau, jina la mgonjwa toeni. Namba ya faili toeni, na tarehe ya kuzaliwa. Mtu anapiga picha skrini ya kompyuta jina liko juu kabisa kona ya kushoto kubwaa, anarusha kwenye grupu la watu 200. Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na hata bila sheria yule ni mama wa mtu.

Mashine yetu ikiharibika mafunzo yanasimama, chama kinaweza kusaidia?

Hakiwezi kukuletea mashine. Kumbuka Kampala 2016, kobalti ya Mulago ilikufa na ndio ilikua pekee nchi nzima kwenye hospitali ya umma, mpya ikazinduliwa Januari 2018. Karibu miaka miwili. Fikiria residenti aliyeanza kipindi hicho, tiba ya mionzi anaisoma kwenye kitabu. Ukikutwa na hali hiyo ndio unaona thamani ya kumjua mtu wa Nairobi au Kigali ambaye mkuu wako anaweza kumwandikia barua ukaenda kukaa miezi mitatu kwenye mashine yake. Ni dhiki ndio inafungua hizi njia, lakini njia inafunguka haraka zaidi kama mnafahamiana kabla.

Kupeleka abstrakti (muhtasari wa utafiti) kwenye mkutano ni lazima uwe na utafiti mkubwa?

Sio lazima. Kazi nyingi zinazopokelewa ni za mtu aliyekaa na mafaili akajibu swali moja dogo vizuri. Na sisi tuna wagonjwa wengi wa aina ambayo wenzetu wanasoma kwenye vitabu, kansa ya shingo ya kizazi iliyofika mbali kwa mfano, profesa wa Ulaya anaweza kukaa mwaka asione idadi unayoiona wewe kwa wiki chache. Swali kama hili tu: wagonjwa wetu wanamaliza tiba yote, mionzi ya nje na brakitherapi (ile inayowekwa ndani ya mwili), ndani ya wiki nane? Inajulikana kwamba muda ukivutika matokeo yanashuka. Nani kacheleweshwa na kwanini, ni nauli, ni damu pungufu, ni mashine, ni foleni? Hiyo ni abstrakti tayari, na kituo chako kitafaidika nayo hata wasipoipokea.

Kibali cha maadili usisahau, na kianze mapema maana kinachukua muda kuliko utafiti wenyewe. Na deadline angalia ni saa ngapi ya wapi. Mimi nilishawahi kukaa na laptopu nikijua nina mpaka saa sita usiku, kumbe muda wao halisi wa kufunga sikuuangalia, nikabonyeza kutuma saa tano na nusu mlango umeshafungwa. Nililala na hasira siku mbili.

ESTRO mkutano wao mkubwa ni majira ya kuchipua, ASTRO ni Septemba au Oktoba huko, na AORTIC ni kila baada ya miaka miwili. AORTIC ilishafanyika hapahapa Dar 2009, ikaenda Kigali 2017, Maputo 2019, Dakar 2023. Kama unaanza, AORTIC ni pa kwanza kupeleka kazi, maswali utakayoulizwa ni ya watu wanaojua umeme kukatika maana yake nini.

Naona aibu kuongea na watu wakubwa kwenye mikutano, nafanyaje?

Na mimi. Sisi tumelelewa mkubwa unamsubiri akuite, huendi tu ukamshika mkono ukaanza kujieleza, na kule ukisubiri kuitwa utarudi nyumbani na kalamu za bure za makampuni. Kilichonisaidia ni kutokwenda na salamu tupu. Nasoma programu kabla, nachagua watu watatu tu, naandika swali moja kwa kila mmoja, swali la kweli ambalo linanisumbua kazini. Mtu akimaliza kuongea nasogea, naitwa fulani, nafanya kazi Dar es Salaam, sisi hatuna MRI ya kila mgonjwa wa brakitherapi, wewe ungefanyaje na CT tu? Hapo hata kama ni mkubwa kama Mlima Kilimanjaro atasimama, kwasababu umempa kazi anayoipenda.

Halafu andika barua pepe ndani ya siku tatu. Fupi. Mkumbushe swali.

Na usiwakimbie wadogo wenzako ukiwafukuzia maprofesa. Yule residenti wa Ibadan au wa Lusaka mliokaa naye kwenye foleni ya kahawa, baada ya miaka kumi ndio mkuu wa idara huko.

Menta (mlezi wa kikazi) je, wanagawa?

ESTRO na ASTRO wana programu za kukuunganisha na menta, unajaza fomu, unapangiwa. Zinafanya kazi kama ukienda na jambo maalum, mfano "nataka kuanzisha ratiba ya fraksheni tano kwa kansa ya matiti kituoni kwetu, nisaidie kufikiria", sio "naomba uwe menta wangu". Jaribio la Uingereza la hiyo ratiba, gray (kipimo cha dozi) 26 kwa fraksheni tano, lilitoka 2020 na kwa foleni zetu ni habari kubwa, lakini kuileta kituoni kuna mambo ya plani, ya picha za kuhakiki, ya kumshawishi bosi, na hapo mtu aliyeshapita hiyo njia ana thamani. Ila menta wa nje hamjui bosi wako, kwahiyo tafuta na wa ndani, dada au kaka aliyekutangulia miaka mitano tu.

Nikiandika mimi ni "onkolojia ya kliniki" Wamarekani hawanielewi.

Kweli, kwao wa mionzi ni wa mionzi na wa kemo ni wa kemo. Huku kwetu tunatoa vyote viwili, mfumo tuliurithi kwa Waingereza ambao nao mpaka leo wako hivyo. Kwenye fomu eleza kwa sentensi moja kwamba unatoa mionzi na dawa, yatosha.

Mimi niko Bujumbura, nilisoma kwa Kifaransa, kuna chochote?

AORTIC inatumia Kiingereza na Kifaransa. Ufaransa kuna chama cha mionzi, SFRO, na vijana wao wana chama chao kabisa, SFjRO, kina kozi za maresidenti. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi kama lugha hiyo ndio nyepesi kwenu msijilazimishe na ya kwetu.

Fizisisti na mateknolojisti wa mionzi nao wanaruhusiwa?

Ndio, ESTRO ni ya wote hao. Fizisisti wa Afrika wana shirikisho lao, FAMPO, tangu 2009. Ushauri wangu, kama idara ina nafasi mbili za kozi wasiende madaktari wawili. Daktari aliyejifunza mbinu mpya akirudi peke yake anabaki kusimulia tu.

Mbona nafasi za kwenda nje zinaishia kwa wakubwa?

Inatokea, nisidanganye. Sehemu moja niliyopitia mwaliko ulikua wa vijana, umeandikwa vijana, akaenda mtu ambaye amebakiza miaka miwili kustaafu, na sisi tukaonyeshwa picha. Dawa yake ni kuziwania zile ambazo unaomba mwenyewe kwa jina lako: ruzuku za safari za mikutano, ruzuku za ESTRO za kwenda kukaa kituo kingine wiki chache, feloshipu za UICC, umoja wa kimataifa wa kupambana na kansa ulioko Geneva, na tuzo ya ASCO, chama cha kansa cha Marekani, inaitwa IDEA ambayo ni ya vijana wa nchi kama zetu, inakupeleka mkutanoni na kukupa menta. Hizo nyingi bado zinataka barua ya mkuu wako lakini jina likishaandikwa lako haligeuki. Umri au miaka tangu umalize masomo, kila mmoja ana kipimo chake, soma masharti usije ukakuta umepitwa mwezi mmoja.

Viza?

Anza siku uliyopata barua ya kukubaliwa. Barua ya mwaliko haikupi viza, inasindikiza tu. Barua ya mwajiri iseme una kazi na unatarajiwa kurudi tarehe ngapi, na nani analipa. Angalia pia mkutano uko nchi gani hasa, ESTRO ya 2024 ilikua Glasgow, viza ya Schengen huko haikusaidii kitu.

Napata email za kongamano "Mpendwa Daktari Mashuhuri", niende?

Futa. Kongamano la kweli halikuiti mzungumzaji mkuu wakati hata residensi hujamaliza. Kabla ya kulipa chochote muulize mtu mmoja aliyewahi kwenda, ukikosa hata mmoja umeshapata jibu.

Netiweki yangu inakatika katikati ya kikao cha kesi, nafanyaje?

Zima video, ingia kwa simu badala ya wifi ya hospitali, na tuma slaidi zako kwa mwenzio wa kikao kabla hamjaanza ili ukipotea yeye aendelee kuonyesha. Slaidi tano zinatosha: historia, picha, kontua, dozi, na swali lako. Swali liweke la kwanza, maana likiwa la mwisho ndio bando linapoishia.